Trekta limekuja, mbona palizi bado ni ya jembe la mkono?

Mleta mada: Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana vijembe. Kila zikitajwa zana za kisasa utasikia mashine zinamkomboa mwanamke. Mimi nina wasiwasi. Trekta huanzia kwenye kulima, kazi ambayo sehemu nyingi huhesabiwa ya wanaume. Familia iliyozoea ekari mbili za jembe inafunguliwa sita kwa siku moja. Baba anashuka kwenye trekta kapiga miwani ya jua. Wiki tatu baadaye magugu yametapakaa ekari zote sita, na wanaoinama ni mama na mabinti, kwa jembe lile lile la mpini mfupi. Palizi imezidi mara tatu, mikono ni ile ile.

Ester Boserup, mchumi wa Denmark, alishaliandika mwaka 1970: zana mpya na mafunzo yake huwafikia wanaume, wanawake wanaachiwa za mkono, na pengo la tija linazidi kupanuka. Sasa kwa nini bado tunanunua ya kulima kwanza, ya palizi baadaye, kama ikipatikana?

Fundi: Mada nzuri, ila tusidanganyane. Mashine zinataka nguvu. Pawatila, lile trekta dogo unaloliongoza ukitembea nyuma yake, ile ya dizeli ya kuwasha kwa hendeli, imeshavunja mkono wa mwanaume mzima, nimeona kwa macho yangu.

Mwenye pawatila: Fundi, mimi ni mwanamke na naiwasha mwenyewe. Huyo alikurupuka. Kushoto unashika kile kishikio kidogo cha kuachia mgandamizo, kulia unazungusha hendeli mpaka flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ishike kasi, ndipo unaachia kishikio. Inakohoa mara mbili, inashika. Misuli ina kazi gani hapo?

Kinachonitesa ni kugeuza mwisho wa shamba. Mishikio iko juu, klachi iko mbali na vidole vyangu, nalazimika kuachia mkono mmoja katikati ya kona. Bomba la dawa la lita 16 nalo hivyo hivyo: mikanda yake ilikatwa kwa mgongo wa mtu mwingine. Aliyevichora hakunifikiria. Rekebisheni mshikio kwanza, ndipo mje kunipima mimi.

Na hiyo hoja ya nguvu, mbona vitani huwa inasahaulika? Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, Jeshi la Wanawake wa Mashambani la Uingereza, la kulima na si la kupigana, lilikuwa na watu zaidi ya 80,000, na matrekta waliendesha. Kabla ya hapo, mwaka 1933, Pasha Angelina alishaunda kikosi cha wanawake waendesha matrekta huko Muungano wa Kisovieti.

Kibarua: Mnaongea kama kila mtu ana shamba. Sisi tusio na ardhi, palizi ndiyo mshahara. India walifuatilia takwimu za mwaka 1999 hadi 2011 wakakuta kulima kwa mashine kumepunguza kazi za wanawake kuliko za wanaume, kwa sababu ardhi ikichimbuliwa vizuri magugu hupungua. Mleta mada anasema palizi imeongezeka, huko ilipungua na wanawake wakakosa kazi. Mkija na mashine ya palizi juu yake, nitakula wapi?

Mleta mada: Hapo umenibana, nakiri. Nilikuwa nawaza familia inayopanua shamba lake, sikuwaza shamba lisiloongezeka lenye vibarua. Ila sioni kama jibu ni kubaki tumeinama. Mbona hao waliokosa palizi hawakufundishwa kuendesha hiyo mashine iliyochukua kazi yao?

Kibarua: Mafunzo yanaitisha mwenye shamba. Mkopo wa mashine unaitisha hati. Hati ina jina la nani?

Mwenye pawatila: La marehemu baba mkwe, kwangu mimi. Pawatila tulinunua kikundi, kila mmoja alitoa kidogo kidogo. Mwaka uliofuata tukaongeza mashine ya palizi, ile ya kusukuma kwa mkono. Ilitushinda msimu mzima, maana haipiti penye mistari iliyopinda na sisi tulizoea kupanda kwa kukadiria. Siku hizi wakati wa kupanda waume zetu wanashika kamba, mmoja huku mmoja kule, na akilegeza anaambiwa.