Laptopu inaleta skrini ya bluu nikiifunua baada ya kulala (DRIVER_POWER_STATE_FAILURE)

Kibatari22:
Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu iliyotumika: Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 10 Pro 22H2. Nikiifunika ikalala, kisha nikaifunua, kioo kinabaki cheusi dakika kadhaa, halafu inakuja skrini ya bluu yenye maandishi DRIVER_POWER_STATE_FAILURE na inajiwasha upya. Nikiitumia mfululizo bila kuilaza haisumbui hata kutwa nzima. Imeanza baada ya sasisho la Windows lililokuja na draiva (programu za kuendesha vifaa) kadhaa. Skrini haitaji jina la faili lolote. Nimepitisha sfc /scannow, inasema hakuna kasoro. Fundi anataka apige window upya. Nikubali, au kuna namna ya kujua draiva gani ndiyo mbovu?

FundiKimya:
Mkuu, usipige window kwanza. Namba ya kosa hilo ni 0x9F na mara nyingi maana yake ni hii: Windows imekiamuru kifaa kilale au kiamke, draiva yake ikapokea amri, haikujibu mpaka muda ukaisha. Ndiyo maana unaona weusi kwanza, bluu baadaye. sfc haitalikamata, kwani inakagua mafaili ya Windows yenyewe, si draiva za watengenezaji wa vifaa. Na ukipiga window upya, ukiunganisha tu intaneti Windows Update inaweza kukurudishia draiva ileile.

Fungua C:\Windows\Minidump uone kama kuna mafaili ya .dmp (dampu, yaani rekodi ya kosa). Kama folda ni tupu: Win+R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bofya Settings, chagua Small memory dump, toa tiki ya Automatically restart. Hakikisha pia hujazima pagefile (faili la akiba ya RAM) kwenye C, maana bila hiyo dampu haiandikwi. Programu za kusafisha diski nazo hufuta dampu, kwa hiyo ziache kwa sasa.

Nakili dampu kwenye Desktop (ukiifungulia palepale ilipo unaweza kukataliwa ruhusa), kisha sakinisha WinDbg kutoka Microsoft Store, ni ya bure. Fungua dampu, andika:

!analyze -v

Uwe na bando, kwa sababu inashusha taarifa za mafaili ya Windows kutoka Microsoft. Ikimaliza tazama mstari wa IMAGE_NAME. Ukikuta ntoskrnl.exe au pci.sys usiyashike kama mkosaji: hayo ni ya Windows, na mara nyingi ndiyo yaliyokuwa yakisubiri jibu tu. Hapo panda juu kwenye Arg1. Kama ni 3, chukua namba ya Arg4 uandike !irp ikifuatiwa na namba hiyo. Kwenye orodha itakayotoka, mstari wenye alama ya > ndipo amri ilipokwama. Chini yake utaona \Driver\ na jina. Huyo ndiye wako.

Bahari_Kavu:
Hayo yote ya nini? Kuna programu zinazosasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Endesha hiyo, washa upya, kazi imekwisha.

NyuziNaSoketi:
Kaka, hapana. Programu hizo husoma kitambulisho cha kifaa na kutafuta toleo lenye namba kubwa zaidi. Haziulizi kompyuta ni modeli gani. Kwenye laptopu, mtengenezaji hurekebisha baadhi ya draiva ziendane na BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) yake na namna anavyopanga umeme, hivyo draiva mpya kuliko zote inaweza kuwa ndiyo isiyofaa. Kibatari mwenyewe amesema tatizo lilianza BAADA ya sasisho. Halafu zinabadilisha draiva 15 kwa mkupuo; ikivurugika zaidi utajua ipi?

Badilisha moja, ilaze na kuiamsha mara kadhaa, ndipo uguse nyingine.

Kibatari22:
Nimefanya. IMAGE_NAME ilisema pci.sys, Arg1 ni 3, !irp ikanipa jina nisilolijua. Nimelitafuta ndani ya C:\Windows\System32\drivers, nikabofya kulia, Properties, Details: ni ya kadi ya WiFi. Sasa naifuta vipi bila kubaki sina intaneti?

FundiKimya:
Swali zuri, maana hapo ndipo wengi hukwama. Shusha draiva kabla ya kufuta. Kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu weka serial number ya mashine (ukiwa PowerShell: Get-CimInstance Win32_BIOS), chagua Windows 10 64-bit, weka faili kwenye flashi. Ukisahau, simu ya Android kwa waya wa USB yenye USB tethering huwa inatosha, Windows huitambua bila draiva ya ziada.

Anza na njia fupi. Device Manager, Network adapters, bofya mara mbili kadi ya WiFi, kichupo cha Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, toleo la zamani halipo tena, nenda njia ndefu:

1. Zima intaneti kabisa.
2. Bofya kulia kadi, Uninstall device, weka tiki ya kufuta na programu ya draiva. Ukiacha tiki hiyo, Windows inaichukua tena ileile kutoka ghala lake la ndani.
3. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers. Orodha ni ya draiva zisizokuja na Windows. Tafuta zenye jina la mtengenezaji wa kadi na Class Name ya Network adapters. Zinaweza kuwa mbili au tatu. Futa kila moja: pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall (23 ni mfano, weka namba yako).
4. Washa upya kwa Restart. Usitumie Shut down, kwa sababu Fast Startup huhifadhi kiini cha Windows pamoja na draiva zake kwenye diski na kuzirudisha zilivyokuwa.
5. Sakinisha ya kwenye flashi.

Windows Update isije ikaibadilisha: kwa kuwa una Pro, fungua gpedit.msc, Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, washa "Do not include drivers with Windows Updates".

Mshale_wa_Saa:
Samahani nadandia uzi. Yangu inataja VIDEO_TDR_FAILURE nikihariri video. Dawa ni hiyohiyo?

NyuziNaSoketi:
Inakaribiana. Windows huipa kadi ya michoro sekunde 2 ijibu, isipojibu inaiwasha upya; ikishindikana ndiyo bluu. Shusha draiva kwanza, kata intaneti, ingia Safe Mode (Shift huku ukibofya Restart), tumia Display Driver Uninstaller kufuta yote, sakinisha. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa data wa Windows), pata kwanza ufunguo wa tarakimu 48 kwa manage-bde -protectors -get C:, maana Safe Mode inaweza kuudai. Pima na joto: feni iliyojaa vumbi hutoa kosa lilelile, hapo draiva unaisingizia.

Na kama kila bluu inakuja na jina tofauti, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho lingine, acha draiva, pima RAM kwa MemTest86. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR nayo mara nyingi ni kifaa chenyewe.

Bahari_Kavu:
Nimekubali. Lakini kwa nini kidude kidogo kama WiFi kiangushe mashine nzima? Word ikikwama inafungwa peke yake.

FundiKimya:
Word iko nje, draiva nyingi zinakaa ndani ya kiini cha Windows, mahali ambapo hakuna ukuta kati yao. Ikikosea mule, Windows haina uhakika ni kipi kimeharibika, inasimamisha kila kitu isije ikaandika takataka kwenye diski. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja la CrowdStrike (kampuni ya usalama wa kompyuta) lililosomwa na draiva yao csagent.sys liliangusha kompyuta kama milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft.

Kibatari22:
Roll Back ilikuwa imefifia, nimepita njia ndefu. pnputil ilionyesha mbili, nimefuta zote na kuweka ya kwenye flashi. Nimeilaza na kuiamsha kama mara kumi, haijaleta bluu. Ila Bluetooth sasa inachelewa kuonekana ikiamka.

FundiKimya:
Kadi ni moja ila draiva ni mbili. Upande wa WiFi hupita PCIe, Bluetooth mara nyingi hupita USB na ina faili lake. Shusha ya Bluetooth kutoka ukurasa uleule, ya kipindi kimoja na hiyo ya WiFi, kisha kwenye Device Manager, Bluetooth, Power Management, toa tiki ya "Allow the computer to turn off this device to save power". Kichupo hicho kisipoonekana, tafuta USB Root Hub utoe tiki huko.