Roboti ya wanafunzi wangu inafuata mstari asubuhi, mchana inapotea. Naomba ushauri kabla hatujaenda kushindana

MwalimuWaFizikia

Wakuu, habari za humu. Ninafundisha fizikia kwenye sekondari ya kata mkoani Singida. Klabu yetu ya sayansi imeunda roboti, na tumepata nafasi ya kwenda kushindana Dodoma. Watoto wamejituma mno, wanabaki shuleni mpaka jua linazama. Sitaki wakwame kwa jambo ambalo mwenye uzoefu angelimaliza kwa dakika tano.

Kazi yenyewe iko hivi: roboti ifuate mstari mweusi kwenye mkeka mweupe, ikikuta boksi ilizunguke na kurudi mstarini, halafu isimame kwenye duara la mwisho. Ikishaachiwa hakuna kuigusa wala kuiongoza kwa rimoti. Kila timu ina dakika tatu, kisha majaji wanakaa na wanafunzi na kuwauliza maswali.

Tuna Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayobeba programu), bodi ya L298N ya kuendeshea mota, mota mbili za plastiki za njano, sensa mbili za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zinazotazama chini, na HC-SR04 ya kuonea boksi kwa mwangwi wa sauti. Mwili tumeuchonga kwa plaiwudi. Umeme unatoka kwenye betri moja ya mraba ya volti 9.

Asubuhi darasani inakwenda vizuri kabisa. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa limeingia dirishani, inauacha mstari na kwenda zake. Bwaloni nako vilevile. Na kwenye kona kali taa ya bodi inazima, inawaka, programu inaanza upya kama ndiyo kwanza imewashwa.

La pili ni la watu, na ndilo linaloniumiza zaidi. Timu ina wanafunzi watano, nauli iliyopatikana ni ya wanne. Uongozi wa shule unataka tuchague kwa matokeo ya mtihani wa muhula. Kwa kigezo hicho atakayeachwa ni binti mwenye alama za chini za hisabati, lakini yeye ndiye aliyefunga mota na ndiye anayejua kila waya unakwenda wapi. Gurudumu likianza kulegea, yeye hulisikia kabla sisi wengine hatujaliona. Wakati huohuo programu nzima iko kichwani mwa kijana mmoja, na wenzake wakitaka kuigusa anasema wataiharibu. Nifanyeje?

FundiSoketi

Mwalimu, shikamoo. Anza na betri. Hilo la kona halina uchawi wowote.

Betri ya mraba ya volti 9 ni ya vitu vinavyokula umeme kidogo kidogo, redio ndogo na mfano wa hivyo. Mota mbili zikianza kuzunguka kwa pamoja, au zikielemewa kwenye kona, zinavuta mkondo mkubwa kwa mkupuo. Volti inashuka ghafla, bodi inakosa umeme wa kutosha, inazima na kuwaka. Ipime kwa multimita wakati kijana mmoja ameshika magurudumu yasizunguke, sekunde moja tu inatosha. Utaona mwenyewe nambari inavyoporomoka.

Tafuta seli mbili za 18650, zile za litiamu, uzifunge kwa mfululizo. Moja ni volti 3.7, ikijaa ni 4.2, kwa hiyo mbili zinakupa 7.4 hadi 8.4. L298N inakula karibu volti mbili njiani. Mota zitabaki na tano na kitu hadi sita na kidogo, na hizo za njano zimeundwa kwa volti 3 hadi 6.

Hasi ya betri, hasi ya bodi ya mota na GND ya Arduino, yaani hasi yake, lazima zikutane. Waya huo mmoja ukikosekana roboti inafanya mambo ambayo hakuna programu iliyoiagiza. Halafu lehemu kapasita ndogo ya seramiki iliyoandikwa 104 kati ya miguu miwili ya kila mota, inapunguza kelele za umeme zinazoisumbua bodi.

Kama Singida hamzipati seli, agiza Kariakoo wakutumie kwa basi. Au tafuta laptopu iliyokufa, fungua betri yake, utazikuta humo.

UmemeSalama

Fundi, nakuheshimu, ila hapo kwenye laptopu iliyokufa sikubaliani nawe kabisa. Hawa ni watoto wa shule. Hujui seli hizo zimekaa tupu kwa miaka mingapi. Seli ya litiamu iliyoshuka chini ya volti 2.5 ikakaa hivyo haifai kuchajiwa tena, inaweza kupata joto na kushika moto. Kuzitoa tu kwenye ganda lake kwa bisibisi, mtu anaweza kuitoboa.

Mwalimu, nunua mpya na chaja yake. Usiziache zikichaji usiku kwenye ofisi iliyofungwa. Safarini kila seli ikae kwenye kasha la plastiki, isitupwe ndani ya begi lenye funguo na sarafu. Kama unaweza, weka na fyuzi kwenye waya wa chanya.

FundiSoketi

Nakubali. Sisi wa benchi tumezoea vibaya. Mwalimu, nunua mpya.

BintiWaMaabara

Shikamoo mwalimu. Nimeshindana nikiwa sekondari na sasa nasaidia klabu za shule, kwa hiyo acha nisaidie kwenye la mwanga.

Sensa zenu zinatuma infraredi chini na kupima inayorudi. Weupe unarudisha nyingi, weusi unaimeza. Jua nalo limejaa infraredi. Likiupiga mkeka, sensa inapokea mwanga ambao haikuutuma yenyewe, inadhani iko kwenye weupe hata ikiwa katikati ya mstari. Globu za zamani zenye waya unaowaka ndani zinasumbua vivyo hivyo, taa za LED hazina shida hiyo. Angalieni bwaloni kwenu kuna taa gani, na madirisha yanatazama wapi.

Dawa ya kwanza ni sketi. Kateni karatasi ngumu nyeusi, izungusheni kwenye sensa pande zote nne, iishie milimita mbili hivi juu ya mkeka. Lakini ijaribuni kwanza, maana kuna weusi wa macho tu. Baadhi ya karatasi na wino mweusi zinarudisha infraredi vizuri sana. Wekeni kipande chini ya sensa msome nambari, mtajua papo hapo. Jaribio hilohilo lifanyieni tepu mnayochorea mstari wa mazoezi. Na sensa zishusheni, zinaona vizuri zikiwa milimita chache kutoka chini, zikipita sentimita moja mnajitafutia matatizo.

Dawa ya pili ni kubwa zaidi. Nadhani mnatumia pini ya D0, inayotoa jibu la ndiyo au hapana, na mmekaza kale kaskrubu ka bluu mpaka ikakubali. Mmekikaza kwa mwanga wa asubuhi, ndiyo maana mchana kinawasaliti. Kama sensa zenu zina pini ya A0, hamieni huko, ziingie A0 na A1 za Arduino. Mtapata nambari kuanzia 0 hadi 1023. Halafu wekeni kitufe: kikibonyezwa, roboti ijizungushe taratibu juu ya mstari kwa sekunde chache, iweke kumbukumbu ya nambari ndogo na kubwa iliyoziona kwa kila sensa, na mpaka kati ya weusi na weupe iukokotoe yenyewe. Zoezi hilo mnalifanya pale pale ukumbini Dodoma, chini ya taa zao, kwenye mkeka wao. Someni kanuni muone muda wa majaribio unaruhusiwa lini.

Mkishapata nambari, tofauti kati ya sensa mbili inawaambia roboti imekengeuka kiasi gani. Izidisheni kwa nambari mnayoichagua wenyewe, tuiite kigawe, jibu liongezwe kwenye mwendo wa gurudumu moja na kupunguzwa kwenye jingine. Anzeni na kigawe kidogo, mpandishe mpaka roboti ianze kutikisika kushoto kulia, kisha mrudi nyuma kidogo.

Kwenye boksi, HC-SR04 inapima kuanzia sentimita 2 hadi mita 4, lakini boksi likikaa mshazari sauti inarukia pembeni na hairudi. Chukueni vipimo vitano, vipangeni kwa ukubwa, tumieni cha katikati. Muda wa mwangwi kwa mikrosekunde ukigawanywa kwa 58 unapata sentimita. Msiwape tu jibu hilo, mwalimu. Wape mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde na wakumbushe kuwa sauti inakwenda na kurudi, waifikie 58 wenyewe. Jaji akiuliza ilikotoka, kila mmoja atakuwa na jibu.

MzeeWaKanuni

Niingie kwenye suala la watu. Nimewahi kukaa meza ya majaji, na naandika hili kwa uchungu kwa sababu nimeona timu nzuri zikipoteza alama hapo.

Chukua mfano wa FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi. Mchezo wa mezani ni dakika mbili na nusu, na ndio watu wanaoupigia makofi. Lakini alama za mezani ni robo tu. Robo tatu zilizobaki zinatoka kwenye mahojiano: usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu, na namna wanavyofanya kazi pamoja. Mashindano yenu yanaweza kuwa na mgawanyo mwingine, kwa hiyo tafuta karatasi ya alama leo hii. Ila umesema majaji wanakaa na wanafunzi. Basi swali la kwanza litakuwa "hii nani aliifunga, na kwa nini hivi?" Aliyeifunga mtakuwa mmemwacha Singida.

Nenda kwa mkuu wa shule na karatasi hiyo ya alama mkononi. Usiende na huruma, utaonekana una mwanafunzi unayempenda. Mwombe akae dakika kumi na watoto wote watano na kumuuliza kila mmoja roboti inafanyaje kazi.

TwendeUshindi

Mimi natofautiana kidogo. Mashindano ni mashindano. Kijana anayejua programu ndiye akae kwenye kompyuta siku hiyo, wengine wasaidie. Huwezi kuanza kufundishana wiki za mwisho, mtaharibu hata kinachofanya kazi.

MwalimuKisumu

Salamu kutoka Kisumu. Ndugu TwendeUshindi, na huyo kijana akiamka na homa siku hiyo?

Kwetu tuna utaratibu mmoja ambao nausimamia bila kulegeza: mwenye kuijua programu anakaa mbali na kibodi. Yeye anaeleza, mwenzake anaandika. Mara ya kwanza inauma, wanachelewa, yule mjuzi anatamani kunyakua kompyuta. Mwache aongee tu. Anaposhindwa kueleza mstari fulani, ndipo naye anagundua hauelewi vizuri. Hofu yake kwamba wenzake wataharibu ina dawa: hifadhi programu inayofanya kazi kwenye flashi mbili, kila moja kwa mtu wake, na nakala iliyochapishwa kwenye karatasi. Wakiharibu, mnarudisha.

Waya nazo zibandikeni vikaratasi vyenye majina. Huyo binti ndiye awaongoze wenzake kuifungua roboti yote na kuifunga tena. Na msisahau kebo ya USB. Ile nene ya Uno si ya simu, ukumbini huwezi kuiazima kirahisi.

MamaWaWawili

Mwalimu hongera kwa moyo wako. Mimi ni mzazi tu, sijui mota. Nauliza: kuna mwalimu wa kike anayesafiri nao? Wazazi wa mabinti wengi watakataa siku ya mwisho kwa sababu hiyo, na utadhani wamekataa roboti. Waite mapema, waonyeshe watakapolala, wape namba ya matroni. Na siku hiyo ya kuwaita, roboti iwepo mezani itembee mbele yao. Mzazi akiona alichofanya mwanawe, hata hiyo nauli ya mtu wa tano inaweza kupatikana palepale.

MwalimuWaFizikia

Wakuu, sijui niwashukuru vipi. Sketi tumeifunga, na saa nane roboti imebaki kwenye mstari dirisha likiwa wazi. Karatasi ya kwanza tuliyokata ilikuwa ya aina ile ile dada aliyosema, nyeusi kwa macho, sensa inaiona kama nyeupe. Watoto walishangaa kuliko mimi. Sasa tunatumia mpira wa tairi la baiskeli. Seli na kapasita zinakuja kwa basi kutoka Dar.

Mkuu wa shule alikubali kukaa nao. Yule binti alieleza kwa nini alisogeza betri nyuma, juu ya ekseli, ili magurudumu yasiteleze, akachora na mchoro ubaoni bila kuombwa. Uamuzi wa kumwacha umeondolewa. Mama, wazo lako nimelichukua, wazazi wanakuja Jumamosi na mwalimu wa kike ameshakubali kusafiri. Kijana wa programu bado anapata shida kukaa mbali na kibodi, lakini jana aliwaeleza wenzake ile ya kigawe na wawili wakaiandika wenyewe.

Dada, swali moja: kwenye kona ya nyuzi 90 bado inapitiliza hata tukipandisha kigawe.

BintiWaMaabara

Kigawe peke yake hakitoshi hapo mwalimu. Sensa zenu zinakaa huku na huku za mstari, sivyo? Basi sensa moja ikisoma weusi kamili na nyingine weupe kamili, wacheni hesabu ya tofauti kwa muda. Gurudumu la upande wa weusi lirudi nyuma, la upande wa pili liende mbele, roboti ijizungushe palepale mpaka sensa hiyo irudi tena juu ya weupe, ndipo iendelee na hesabu. Zikisoma weusi zote mbili kwa pamoja, hiyo si kona, ni njia panda au duara la mwisho, iandikieni sharti lake. Na kona hiyo mwachie binti na yule kijana waifanye pamoja, mmoja aangalie magurudumu, mwingine asome nambari kwenye kompyuta.