Nahamia kaunti ya Aroostook, jimbo la Maine, Marekani, mwezi wa kwanza: baridi ya kule ikoje?

MamaZawadi:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nipo Lewiston mwaka wa pili sasa. Nimepata kazi ya kutunza wazee Presque Isle, zaidi ya kilomita 400 kaskazini, naanza Januari. Nina binti wa miaka tisa na mdogo wake wa minne. Theluji ya Lewiston nimeshaizoea, lakini kila ninayemtajia Aroostook anatikisa kichwa. Anayeishi kule anieleze ukweli. Ninunue nini? Hela yangu ni ya kuhesabu.

Mnjombe_Caribou:
Dada, karibu sana. Nipo Caribou, jirani kabisa na Presque Isle, na huu ni msimu wangu wa saba wa baridi. Nimekulia Makete, kwa hiyo sakitu naijua tangu utotoni. Mwezi wa sita unaamka asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua, meusi tii. Nilidhani mazoea hayo yangenitosha. Hayakunitosha.

Kwanza, usiiogope siku theluji inapoanguka. Siku hiyo mawingu yamefunika, joto limebaki chini, mara nyingi ni hasi tano au hasi nane tu na watoto wanacheza nje. Ogopa usiku unaofuata, pale upepo wa Kanada unapofagia mawingu kisha ukatulia, nyota zikajaa anga. Joto lote la ardhini linapaa. Unaweza kuamkia hasi thelathini. Theluji inalia chini ya buti kama mtu anafinya mfuko wa wanga, na ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinashikana. Rekodi ya jimbo zima ni ya kaunti yetu: Big Black River, 16 Januari 2009, hasi 45 na nusu kwa selsiasi.

Theluji yenyewe ni nyingi, karibu mita 3 kwa msimu wa kawaida hapa Caribou, na msimu wa 2007–2008 ilifika mita 5. Lakini inakufunika kama blanketi, inazuia baridi. Mwaka wangu wa kwanza niliichota yote iliyoegemea ukuta wa nyumba, nikaona nimefanya usafi. Usiku bomba la jikoni likaganda, likapasuka. Mzee jirani, mkulima wa viazi, akaja na chepe lake, akairudisha theluji ukutani na kuipigapiga kwa mgongo wa chepe kama anakandika nyumba ya udongo. Hakusema neno. Sasa kila Desemba naikandika mwenyewe. Hata maghala yao ya zamani ya viazi yako hivyo, nusu yamezikwa ardhini, na viazi vinavuka msimu bila kuganda.

Buti nunua zenye nafasi, soksi nene ya sufu iingie na vidole vicheze. Buti ikibana, hata iwe ya bei gani, vidole vitakufa ganzi. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, maana ikilowa jasho inakugandisha. Gari liwekee betri nzuri, na fundi akufungie kipasha injini, kile chenye waya wa kuchomeka kwenye umeme usiku kucha. Na kabla hujasaini chochote, uliza mafuta ya kupasha nyumba analipa nani. Hapo ndipo hela inapokwisha.

Kabeza79:
Mimi ni wa Bukavu, napeleka mizigo hadi Houlton. Mama, usihame usiku. Ukishaipita Bangor ni msitu mtupu, na yule mnyama moose, mkubwa kama farasi, anasimama katikati ya barabara. Beba blanketi, chepe, chakula. Ukikwama kwenye theluji, fukua kwanza bomba la moshi la gari ndipo uwashe injini. Moshi ukirudi ndani unaua watu wakiwa usingizini.

MamaZawadi:
Mungu awabariki. Nimempigia mwenye nyumba sasa hivi: mafuta ni juu yangu! Afadhali nimejua. Na giza je? Mwanangu huyu mdogo analia sana kukiwa na giza.

Mnjombe_Caribou:
Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, sikufichi. Ila Januari siku zinaanza kurefuka, utaliona dirishani wiki baada ya wiki. Mtoe nje kila mchana kukiwa na jua, hata dakika ishirini, avae vizuri. Juni atakuwa anacheza kweupe hadi saa mbili usiku, kazi itakuwa kumrudisha ndani.

Mwenye nyumba akuonyeshe maji yanafungiwa wapi, siku hiyohiyo ya kwanza. Na binti yangu ana buti zimeshambana, nzima kabisa, huenda zikamtosha wako. Niandikie namba anayovaa, nizitenge.