Naanza chuo kwa mtandao, nitegemee nini?

NgojaNione
Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi ya kusoma digrii kwa njia ya mtandao, muhula unaanza baada ya wiki tatu na kusema kweli sijawahi kusoma hivi hata siku moja, shule yangu yote ilikuwa ya ubao na mwalimu kasimama mbele. Niko kazini Jumatatu mpaka Ijumaa, nina mtoto mdogo, ndo maana nikaona hii itanifaa maana wanasema unasoma kwa muda wako. Nataka nichukue kozi nne kwa mpigo nimalize mapema.

Sasa naomba kuuliza, vipindi vipo kama vya darasani au unaangalia video tu? Mitihani je, si mtu anajifungulia kitabu tu hapo? Halafu kinachoninyima usingizi ni kwamba kompyuta mimi naijua ya kuandikia barua, basi. Mliopitia huko niambieni ukweli, msinipambe.

MamaWawili
Karibu sana dada (au kaka, sijui). Mimi nimemaliza mwaka jana, nilisoma hivyo hivyo na kazi na watoto wawili, nikuambie tu hilo neno "kwa muda wako" ndo lililoniponza. Nilielewa kwamba nasoma nikijisikia. Kumbe maana yake ni kwamba wewe unachagua saa ya kukaa kwenye kiti, lakini dedilaini, yaani siku ya mwisho ya kutuma kazi, wanapanga wao na haisogei.

Wiki inavyokwenda, kwa chuo changu lakini nimesikia vingi viko hivyo: Jumatatu wanafungua mada mpya, kuna kurasa za kusoma na video za mwalimu alizorekodi. Katikati ya wiki unatakiwa uwe umeandika hoja yako kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha mpaka Jumapili uwe umewajibu wenzako wawili, na kwizi (jaribio fupi) juu yake. Wiki inayofuata tena hivyo hivyo. Kozi nyingine zina vipindi vya moja kwa moja ambapo wote mnaingia kwa wakati mmoja kwenye Zoom au Teams (programu za kuonana kwa video) na mahudhurio yanahesabiwa, kwa hiyo usidhani zote ni za kurekodiwa, angalia kabla hujajisajili maana kipindi cha mchana wewe ukiwa kazini utakipataje?

Sasa hizo kozi nne. Kaa chini upige hesabu. Kipimo kinachotumika sana, hasa vyuo vya Marekani, ni kwamba kwa kila kredit moja (kipimo cha uzito wa kozi) kuna saa moja ya kipindi kwa wiki na saa mbili za kujisomea. Kozi ya kredit 3 ni saa 9 kwa wiki. Mara nne ni saa 36. Hiyo ni ajira nyingine kamili mkuu, unaitoa wapi na mtoto analia? Na hapo ni muhula wa kawaida wa wiki 15 hivi, kuna kozi za kubanwa za wiki 8, mambo yale yale yameshindiliwa kwenye nusu ya muda, kwa hiyo zidisha karibu mara mbili. Mimi muhula wa kwanza nilichukua tatu, moja nikaidondosha wiki ya tano nalia, na tarehe ya kudondosha bila kuingia kwenye matokeo ilikuwa imeshapita. Sikujua hata kama kuna tarehe kama hiyo. Itafute kwenye kalenda ya chuo chako leo leo.

Anza na mbili.

Kibatari
Msimtishe bwana. Mimi nilichukua tano na kazi nafanya na nikapita zote. Video unaziangalia kwa spidi ya mara mbili, majadiliano dakika kumi, kwisha habari.

MamaWawili
Kibatari ulipita na nini? Maana kupita kuna kupita.

Kibatari
C zilikuwepo, sikatai 😂 lakini nina cheti.

Fundi_Bila_Spana
Mimi nijibu la kompyuta maana ndo kazi yangu. NgojaNione usiogope, kama unaweza kuandika barua, kuihifadhi na kuituma basi umeshafika zaidi ya nusu. Chuo kitakupa akaunti ya kuingilia kwenye mfumo wao, vingi wanatumia Moodle au Canvas au Blackboard, yote ni mamoja tu, upande mmoja orodha ya kozi, ndani kuna mada, sehemu ya kupandisha kazi na sehemu ya kuona maksi. Siku mbili utaizoea. Ila kuna vitu vidogo vinavyowaangusha watu na si ujinga, ni kutoambiwa.

Cha kwanza saa. Mfumo utakuandikia mwisho ni 23:59, yaani saa tano na dakika 59 usiku. Wengine wanaandika 12:00 AM Jumapili na hapo ndo watu wanapoliwa, sababu sisi tukisikia saa sita usiku Jumapili tunafikiria usiku wa Jumapili, kumbe ni dakika ile Jumamosi inapoisha. Umechelewa siku nzima na hujui. Na kama chuo kiko nchi nyingine cheki saa inayohesabiwa ni ya wapi, kwenye mipangilio ya akaunti yako kuna sehemu ya kuchagua ukanda wa saa, weka wako.

Cha pili, jibu refu usiandikie moja kwa moja kwenye kile kiboksi cha mfumo. Andika kwenye Word au hata kwenye notsi za simu kisha ukopi upesti. Mtandao ukikatika katikati, au mfumo ukikutoa kwa sababu umekaa muda mrefu bila kubofya kitu, saa nzima ya kuandika inayeyuka. Na ukishapandisha faili lifungue tena hapo hapo uone ndo lenyewe. Nimesaidia mtu aliyetuma rasimu tupu yenye kichwa cha habari tu, faili la kweli limebaki kwenye kompyuta yake, na mwalimu akasahihisha alichotumiwa.

Mitihani sasa. Kuna ya aina nyingi. Mingine kweli ni ya kufungua kitabu, ila usifurahi, maswali yake hayako kitabuni, unaulizwa utumie ulichosoma kwenye kisa ambacho hujawahi kukiona na muda ni mfupi. Mingine unasimamiwa kwa kamera, unaonyesha kitambulisho, unazungusha kamera chumba kizima mpaka chini ya meza, programu inafunga kila dirisha lingine kwenye kompyuta. Hiyo programu wengi wanaiweka siku ya mtihani na inagoma. Iweke wiki moja kabla, ifanyie jaribio. Na usitegemee simu peke yake, kusoma kwa simu inawezekana kabisa lakini mitihani ya hivyo mara nyingi simu haikubaliki.

Ushauri wangu una wiki tatu, ingia Coursera au edX (tovuti za kozi za mtandaoni, zipo tangu 2012) utafute kozi yoyote fupi ya bure ujipime nayo. Hata usipoimaliza, wengi sana hawazimalizi zile, utakuwa umeshajua kama wewe ni mtu wa kukaa na video ya dakika 40 bila kugusa simu.

Mwl_wa_Usiku
Nafundisha kozi za mtandaoni muda sasa, niongeze ya upande wa pili wa kioo.

Wanafunzi hawajui kwamba sisi tunaona. Mfumo unanionyesha umeingia lini, umefungua kurasa zipi, kwizi umeitumia dakika ngapi. Sikai kuwachunguza, lakini mtu akiniandikia wiki ya kumi kwamba kozi ni ngumu nikiangalia hajafungua kitu tangu wiki ya tatu, nitamwambia nini? Na anayeanza kupotea huwa simwoni kwa sura, darasani ningeona amenuna au kiti kitupu. Huku mtu akinyamaza nami naona kimya tu. Kwa hiyo niandikie mapema. Nikiombwa siku mbili za nyongeza kabla ya dedilaini mara nyingi natoa, baada ya dedilaini mkono unakuwa mzito. Barua yenyewe iwe na jina lako kamili, kozi gani na swali lenyewe, maana nina madarasa matatu na "habari mwalimu ile kazi sijaielewa" inanifanya niwe mpelelezi.

Majadiliano: Kibatari kasema dakika kumi, nazijua hizo za dakika kumi. "Nakubaliana na wewe, umeelezea vizuri sana." Sifuri, au kama siku ni njema nusu maksi. Nataka uniambie unakubaliana na kipi, kipi hukubali, na kwenye ile makala ya wiki ukurasa gani unakuunga mkono. Mistari sita ya hivyo inatosha.

Na kuhusu kudesa. Kazi nyingi zinapita kwenye programu ya Turnitin, inaonyesha maneno yako yamefanana na ya nani. Akili mnemba kama ChatGPT kila mwalimu ana sheria yake, wengine wanaruhusu kupanga mawazo, wengine hawataki kabisa, imeandikwa kwenye muhtasari wa kozi. Ule muhtasari, ile karatasi ndefu ya siku ya kwanza ambayo hakuna anayeisoma, soma. Nusu ya maswali ninayoulizwa majibu yake yamo humo, pamoja na asilimia za kila kazi. Mtu anahangaika usiku kucha na kwizi ya asilimia 2 huku mradi wa asilimia 30 haujaanza.

Wale watakaokukejeli kwamba ya mtandao si elimu, achana nao. Chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kilianza kufundisha watu kwa posta mwaka 1946, Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969 na masomo yakawa yanarushwa kwenye televisheni ya BBC. Cha kuangalia ni chuo chako kama kina ithibati ya mamlaka inayohusika, hilo lihakikishe kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, usitegemee tovuti ya chuo kujisifia.

NgojaNione
Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mimi ni dada, MamaWawili 😊 Nimeingia kwenye kalenda, tarehe ya kudondosha kozi ni mwisho wa wiki ya pili tu! Ningejulia wapi. Nimepunguza zimebaki mbili, moja ndo ile ya vipindi vya moja kwa moja lakini ni usiku.

Sasa swali la mwisho, huo mtihani wa kamera, mtoto akiingia chumbani itakuwaje? Wangu ana miaka mitatu, mlango anaujua kuufungua.

Mwl_wa_Usiku
Kwa kawaida ile programu inaweka alama pale ilipoona mtu wa pili, halafu binadamu anaangalia ile video. Mtoto wa miaka mitatu hajawahi kumpa mtu jibu la takwimu. Lakini mwandikie mwalimu kabla, umweleze hali ya nyumbani, usisubiri kujitetea baadaye.

MamaWawili
Na umtafutie mtu wa kukaa naye muda huo wa mtihani mdogo wangu. Wa kwangu aliingia mtihani wa katikati ya muhula, hakusema kitu, akachomoa waya wa chaji akaondoka nao. Betri ilikuwa asilimia 11.

Kibatari
Ulipita na nini?

MamaWawili
B. Nilimaliza ikiwa imebaki asilimia 2 😅