Acheni kutuambia hatujui kula. Tunajua, hela ndiyo hatuna

Wakuu, hili limenikaa rohoni siku nne, leo nalitoa.

Nilimsindikiza mama kliniki, sukari imempanda tena. Mshauri wa lishe akampa karatasi yenye picha ya sahani: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Akasema tatizo letu ni elimu. Mama aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi pamoja na sarafu zilizobaki, hakusema neno. Tulipofika njiani ndipo akaniuliza, "Mwanangu, hiyo nusu ya sahani naijaza na nini?" Nilikosa jibu.

Elimu gani jamani? Mama alijua faida ya mboga kabla huyo mshauri hajazaliwa. Na anaijua hesabu ya jioni: hela ni hii, vinywa ni vitano, wote walale wameshiba. Kwa hela hiyo unga na mafuta vinatosha watu wote. Ukinunua matunda, kila mtu anapata kipande kimoja na njaa iko palepale.

Wanaobisha wasome ripoti ya 2020 ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mashirika wenzake: mlo wenye afya unagharimu karibu mara 5 ya mlo wa kujaza tumbo kwa wanga tu. Na hesabu zao za baadaye zikaonyesha mwaka 2022 watu wapatao bilioni 2.8 duniani hawakuumudu. Zaidi ya theluthi ya wanadamu! Hao wote hawakusoma?

Bei hiyo ina wenyewe. Mboga inaoza, kwa hiyo usafiri wa haraka, chumba cha baridi na zile zilizotupwa njiani, vyote analipa mnunuzi wa mwisho. Sukari inakaa ghalani miezi haidai kitu. Halafu serikali za dunia, kati ya 2013 na 2018, zilitumia karibu dola bilioni 630 kwa mwaka kusaidia chakula na kilimo, na sehemu kubwa ikaenda kwenye nafaka kuu, sukari, nyama na maziwa. Mboga na matunda viliambulia kidogo.

Na msituambie tule kunde kwa sababu ni rahisi. Nani kapiga hesabu ya moto wa kuzichemsha saa mbili? Asiye na friji hununua kidogo kidogo kila siku, na anayenunua kidogo ndiye anayeuziwa ghali. Mwenye hela anabeba gunia kwa bei ya jumla.

Mwezi ujao tunarudi kliniki. Watampima, watakuta sukari iko juu, watamuuliza kama alifuata ile karatasi. Safari hii nitajibu mimi, na nitaenda na hesabu yetu ya wiki nzima imeandikwa, kila senti. Wenye wagonjwa wa sukari nyumbani, wekeni na zenu hapa chini.