Matembezi ya utulivu mwezi wa Januari, kaskazini mwa Pemba

Muulizaji, Chake Chake: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunakusudia kuuanza mwaka kwa matembezi ya miguu badala ya fataki, kabla ya shamrashamra za Mapinduzi za tarehe 12 Januari. Wenzetu wa Ulaya wakati huo hutembea katika baridi, ilhali sisi tumo katika joto la kaskazi. Je, ni wapi penye kivuli na watu wachache?

Mkaazi wa Konde: Waalaykum salaam. Nendeni Msitu wa Ngezi, ambao miti yake mirefu, mivule ikiwemo, hupunguza ukali wa jua hata mchana, na mkipata mwongozaji atakuonesheni popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwengineko duniani. Mvua za vuli zikichelewa kumalizika, njia huwa na tope. Viatu vya wazi havifai.

Bibi wa Wete: Wanangu, baada ya msitu fikeni Vumawimbi, ufuo unaoelekea mashariki, ambako anayewahi alfajiri huliona jua likichomoza baharini. Mchana, kwa maoni yangu, ni adhabu.

Muulizaji: Ahsante, bibi. Je, mnara wa taa wa Kigomasha unafikika kwa miguu siku hiyo hiyo?

Mkaazi wa Konde: Kwa mwenye nguvu, unafikika, ila ulizieni kwanza wakati wa maji kupwa, kwa sababu yakijaa ufuo huwa mwembamba. Maji ya kunywa chukueni Konde.