Tupeane uzoefu: mtoto wako amefundishwa na akili mnemba? Ilikuwaje?

Wana Uganda, hizi programu wengine wanazisifia, wengine wanaziponda. Mimi nataka visa vya waliozitumia. Naanza.

Wangu yuko P.7, darasa la saba la msingi, hapa Arua. Jioni moja namkuta ameandika ¾ ÷ ½ = 1½, hatua zote zipo, safi. Nikafunika simu kwa kiganja: "Haya, kwa nini umepindua nusu?" Kimya. Nikaiandikia programu: usimpe jibu, muulize swali moja moja. Ikamuuliza, robo tatu ya chapati ina vipande vingapi vya nusu? Akachana chapati kweli, akaona kipande kimoja na nusu ya kingine. Sasa sharti ni hilo, ingawa mjanja hulifuta nikiingia jikoni.

Mama wa Nakivale, makazi ya wakimbizi: Sisi tulitoka Kongo, watoto walisoma Kifaransa, huku ni Kiingereza. Binti yangu hesabu anaziweza, ila alirudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu ya lugha tu. Iliniuma. Sasa anapiga picha swali, anaelezwa kwa Kiswahili, halafu anajibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza ikamwambia "tafuta asili". Tukatazamana. Asili gani tena, hata hapa tunaulizwa kabila? Kumbe ni ile namba ya chini ya sehemu! Shida ni chaji, tunalipia kwa jirani mwenye sola. MB zikiisha, mwalimu naye kalala.

Mwalimu wa historia, Masindi: Pole mama. Mimi mwanafunzi wa S.2 (kidato cha pili) aliniletea insha, eti Uganda ilipata uhuru 9 Oktoba 1963. Nikamkata. Akabisha: simu imesema! Tukaiuliza pamoja, ikaomba radhi palepale, adabu tele. Nadhani ilichanganya uhuru wa 1962 na siku Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, alipokuwa rais, mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile. Siku hizi nawapa majibu yake wayakague. Wanayachambua kama mchele wenye mawe.

Boda wa Koboko: Mimi nilipotelea pale shule zilipofungwa kwa korona, Machi 2020 hadi Januari 2022. Zilipofunguliwa nilishazoea pikipiki. Sasa nasoma masomo ya S.4 (kidato cha nne) stejini nikisubiri abiria. Naiuliza jambo lilelile mara sita, hainicheki. Lakini mwalimu, majaribio ya kemia nitayafanyia wapi? Aliyewahi kupita njia hii anielekeze.